Ng'ombe wa Bibi: kumtafuta mwanamke mwasisi wa Mkonze

Ukimuuliza mzee wa Kigogo pale Mkonze, Dodoma, ni nani walioanza kukaa mahali hapa, utajibiwa kwa majina ya wanaume. Fulani mwana wa fulani alitoka Uhehe, au Unyamwezi, au milima ya Ukaguru. Akapita huku na kule, akaona pana malisho na maji, akajenga. Alikuja na nani? Alikuja na ng'ombe wake na watu wake. Mke yumo humo ndani ya hao "watu wake". Ukiuliza tena utatajiwa mwanawe: alikuwa mama wa fulani. Ukiwa na subira ukauliza mara ya tatu, pengine mama mmoja mzee aliyekaa pembeni akichambua mlenda atalitaja jina lake, na wanaume watamgeukia kama kwamba kasema jambo geni.

Hata vitabu vyetu vina tabia hiyo. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917, ndiye aliyetuachia *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1954. Wengi wanamjua kwa mashairi na kwa ngonjera za enzi ya Ujamaa, lakini kwa mtu wa Dodoma kitabu hiki ni hazina kubwa zaidi. Kinaeleza watemi na koo, nani alitoka wapi na nani alimfuata nani. Ni safu ya baba na wana. Simlaumu Mnyampala, aliandika alivyosimuliwa, na bila yeye tungekuwa na kidogo sana. Ila anayemtafuta bibi wa nne au wa tano kwa kutumia orodha ile pekee atakwama mapema.

Hata hivyo hajapotea. Wagogo walimhifadhi mwanamke mwasisi mahali ambapo mwanahistoria hatazami haraka, yaani katika hesabu ya ng'ombe.

Kabla ya kufika huko, tumtazame mwanamke mwingine aliyepita Ugogo karne ya 19, ambaye nasaba yake si taabu kuipata. Jina lake Annie Boyle Gribbon, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1853 na kuolewa na Edward Coode Hore, baharia aliyekuwa akitumikia London Missionary Society katika Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa mwaka 1884 msafara wao ulitoka pwani ya Saadani kuelekea bara. Annie hakutembea wala hakupanda punda. Alibebwa katika kiti cha kukokotea wagonjwa kilichotundikwa mtini mabegani mwa wapagazi, na mwanawe mdogo, Jack, alikuwa naye. Waliivuka nchi ya Wagogo, wakafika Ujiji Januari 1885 baada ya safari ya siku 90. Waliweka makao katika kisiwa cha Kavala, na huko akafundisha wasichana. Mwaka 1886 kitabu chake kilitoka London kwa jina *To Lake Tanganyika in a Bath Chair*. Walirudi kwao mwaka 1888. Jack alifariki muda mfupi baadaye akiwa bado mtoto, na Annie mwenyewe alimalizia maisha yake Tasmania, mbali kabisa na Ujiji.

Mambo haya yote unayapata bila kutokwa jasho. Cheti cha kuzaliwa kipo, cha ndoa kipo, barua za misheni zimetunzwa, na kitabu kipo. Annie Hore aliishi kando ya ziwa miaka michache, tena kwa chakula, maji na ulinzi alionunua njiani kutoka kwa wenyeji. Wanawake waliokaa Ugogo maisha yao yote, waliofyeka pori, wakalima uwele na kuzika watoto wao pale, hawana hata mstari mmoja.

Njia ya misafara haikuwa mbali na Mkonze. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika majina ya vituo vya Ugogo kimoja baada ya kingine, na miongoni mwake mna Mvumi, Matamburu na Bihawana. Mwenyeji wa Dodoma hahitaji ramani kuyatambua: Mvumi ipo, Matumbulu ipo, na Bihawana iliyokuja kuwa misheni ya Kikatoliki ipo upande huohuo wa kusini mwa mji iliko Mkonze. Kabla ya Stanley walikwishapita Burton na Speke mwaka 1857, na kabla ya hao wote Wanyamwezi na Waswahili wa pwani walikuwa wakipita na pembe za ndovu miaka nenda miaka rudi.

Msafara ulipotoka Mpwapwa ulikabili Marenga Mkali, nyika ya maji machungu, watu wakaivuka kwa kukaza mwendo. Walipoingia Ugogo walikuwa na kiu na njaa, na kila mtemi alidai hongo ya nguo kabla ya kuruhusu mtu kugusa kisima. Vitabu vya wasafiri vimejaa manung'uniko kuhusu hongo. Wanavyoisimulia, utadhani Wagogo walikuwa majambazi wa barabarani. Mimi naiona hongo kama ushuru, na hakuna nchi yenye akili inayoacha maelfu ya watu wapite wakinywa maji yake ya kiangazi bure.

Habari za hongo zilikuwa za wanaume, lakini kambi ilipokwisha kutulia soko lilifunguliwa. Maziwa, samli, asali, unga wa mtama na uwele, karanga na kunde vililetwa kubadilishwa kwa nguo na shanga. Nani alisaga ule unga? Nani alikama na kusukasuka maziwa mpaka yakatoa samli? Msafara wa watu 500 ulihitaji unga wa jiwe, na jiwe la kusagia lilikuwa mbele ya magoti ya mwanamke. Uchumi wa njia kuu ya Afrika Mashariki ulipita mikononi mwa wanawake wa Ugogo, na wasafiri waliokula chakula hicho waliandika bei yake tu.

Sasa turudi kwenye tembe. Nyumba ya Kigogo ya zamani ni fupi, ya fito na udongo, paa lake bapa limefunikwa udongo, nayo huzunguka uwanja ambamo ng'ombe hulala. Ndani ni giza na joto la moshi. Kwa mgeni hiyo ni nyumba moja ndefu yenye kona, lakini kwa mwenyeji ni nyumba kadhaa zilizoshikana, kila mke na yake: mlango wake, jiko lake, akiba yake ya nafaka, shamba lake, na ng'ombe aliopangiwa na mume. Wanawe wa kiume watarithi ng'ombe wa nyumba ile, si wa nyumba ya mke mwenza. Mahari ya binti wa nyumba hiyo ndiyo kwa kawaida itakayomwolea mke kaka yake wa tumbo moja. Kwa hiyo ukoo unahesabiwa kwa baba, ila mali inagawanyika kwa mama. Ndugu wawili wakitengana, mpasuko hupita palepale penye mlango wa mama zao.

Hapo ndipo pa kuanzia. Usiulize ukoo ulianzaje. Uliza ng'ombe walitoka nyumba ya nani.

Itazame siku ya kugawa mahari. Wazee wamekaa, ng'ombe wamesimama mbele yao, na kila mnyama anatajwa pamoja na anayemchukua. Huyu wa baba. Huyu wa baba mdogo. Huyu wa mjomba, na mjomba wa Kigogo hapewi kilichobaki; sehemu yake ni nzito, na asipopewa atazungumza mbele ya watu. Sasa mjomba ni nani kama si nyumba ya mama? Ili kumpa haki yake lazima ijulikane mama wa binti alitoka kwa nani, na ng'ombe waliomwoa mama huyo waligawanywaje, na kama kuna deni lililobaki tangu wakati wa bibi. Hutasikia mtu akisema "tunasoma historia". Wanabishana juu ya mtamba mmoja. Ila ili ubishi uishe, majina ya wanawake wa vizazi vitatu lazima yatajwe, tena kwa usahihi, kwa kuwa upande wa pili nao una wazee wanaokumbuka.

Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu ya ng'ombe na udugu mwaka 1969, aliona kwamba nasaba za Wagogo si ndefu. Watu walihamahama mno kufuata mvua na malisho, na wenye kaya wengi hawakuishi walikozaliwa. Wengine husoma hayo kama dalili ya watu wasiojali asili yao. Sioni hivyo. Mgogo alibeba jina la mbeyu, yaani ukoo, jina la mulongo linaloandamana nalo, na mwiko wa ukoo wake, ambao huitwa muzilo, na kwa vitu hivyo vitatu aliweza kufika kijiji asichokijua jioni, akasalimia "mbukwenyi", na kabla ya kulala akawa amempata mtu wa kumwita kaka. Nasaba ndefu ni ya watu wanaokaa mahali pamoja na kugombea mipaka ya mashamba. Anayehama huhitaji nasaba pana.

Mwanamke akiolewa haachi ukoo wa baba yake. Hili lina faida kubwa kwa anayemtafuta bibi mwasisi. Ukilipata jina la mbeyu yake umepata uelekeo alikotoka, maana koo nyingi za Ugogo zina simulizi ya mwanzo wake, na simulizi hizo zimo kwa Mnyampala. Kama mbeyu yake haijulikani kabisa, nayo hiyo ni habari. Misafara ilikuwa na wanawake pia: wake wa wapagazi, wapishi, watumwa. Waliougua waliachwa njiani. Bibi asiye na mjomba anayejulikana, ambaye ng'ombe wake hawakugawanywa upande wa pili kwa sababu hapakuwa na upande wa pili, huenda alifika Ugogo kwa njia hiyo. Familia hazipendi kuyasema haya, nazo zina sababu zao.

Lakini watani watasema. Kila ukoo wa Kigogo una ukoo mtani, na utani huo mara nyingi chanzo chake ni safari za zamani, waliposafiri pamoja au walipookoana. Mtani ana kazi kwenye msiba na ana ruhusa ya kutoa maneno ambayo ndugu hawezi kuyatoa. Jambo ambalo ukoo umelifunika kwa miaka 80, mtani atalitupa katikati ya matanga watu wakacheka. Mtafiti mwenye daftari aketi karibu na watani.

Tarehe je? Wagogo walihesabu miaka kwa njaa. Kubwa kuliko zote zinazokumbukwa ni Mtunya, na bila kuijua hiyo huwezi kufuatilia familia yoyote ya Mkonze.

Mtunya haikuja ghafla. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Dodoma, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajerumani walikwishafika mapema zaidi. Carl Peters alipita mwaka 1890 akitoka Uganda, akapigana na watu wa mtemi Makenge, akachoma vijiji na kuswaga ng'ombe. Ila reli ilibadili kila kitu. Njia ya misafara ilikufa, na soko la unga na samli likafa nayo. Ilipoanza vita ya 1914, Mjerumani akachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Julai 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer likaiteka Dodoma kwa niaba ya Mwingereza, na Mwingereza naye akachukua nafaka, ng'ombe na vijana. Mashamba yalibaki kwa wanawake, wazee na watoto. Kisha mvua zikagoma, Mtunya ikaingia. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo, anakadiria kuwa kati ya watu kama 150,000 wa Ugogo walikufa wapatao 30,000 kufikia mwaka 1920.

Waliobaki walitawanyika kwenda popote penye chakula. Wazazi waliweka watoto rehani, hasa wasichana, kwa familia zenye nafaka, kwa ahadi kwamba wakipata watawakomboa. Wengine walikombolewa. Wengine waliolewa kulekule. Nasaba nyingi za wanawake wa Dodoma hukatika hapa: binti anaondoka na jina moja, miaka kumi baadaye anaonekana na watoto katika ukoo mwingine, na ng'ombe wa kumwoa hawakugawanywa kamwe.

Piga hesabu kidogo. Msichana aliyekuwa na miaka 10 wakati wa Mtunya alizaliwa reli ikiwa ndiyo kwanza inafika. Mama yake alizaliwa miaka ya 1880, na bibi yake alikuwa mwanamke kijana mwenye jiwe lake la kusagia Annie Hore alipopitishwa kwenye kiti chake. Huyo bibi ndiye tunayemtafuta. Na msichana wa Mtunya alikuwa hai bado wakati wazee wa leo wa Mkonze walipokuwa watoto, akawapikia ugali wa uwele na mlenda. Mnyororo una pete nne tu kutoka kwa mwanamke wa njia ya msafara hadi kwa mzee unayeweza kumtembelea Jumamosi hii.

Kitu kingine kinachoonyesha nafasi ya mwanamke mwasisi ni tambiko. Rigby aliandika kwamba nchi ilipoharibika, ng'ombe wakiugua au mvua ikikataa, walioitwa kuisafisha ni wanawake. Walivaa mavazi ya wanaume, wakashika mikuki na fimbo, wakaswaga ng'ombe wenyewe, wakaimba nyimbo ambazo siku ya kawaida hakuna mama angeziimba mbele ya mkwewe. Ubaya waliucheza, wakausukuma upande wa magharibi mpaka nje ya mpaka wa nchi. Mtemi alikuwa na mawe ya mvua na dawa za mbegu, lakini kazi ya kuitoa nuksi ilikuwa ya wake za watu. Ngoma ya muheme nayo hupigwa na wanawake, wameibana katikati ya mapaja. Jamii inayomkabidhi mwanamke ngoma na nchi iliyochafuka haiwezi kudai kwamba mwanamke huyo alikuwa mmoja tu wa wale "watu wake" mwanamume.

Kisha ikaja Ujamaa. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwatoa watu kwenye kaya zilizotawanyika na kuwakusanya vijijini. Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Shule, zahanati na maji vilisogezwa karibu, na hilo si dogo. Ila makaburi yalibaki kwenye mahame. Mwaka 1973 TANU ikaamua Dodoma iwe makao makuu ya nchi, ikaundwa mamlaka ya CDA ya kuustawisha mji, na uamuzi huo ulipata miguu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kweli. Aprili 2018 Dodoma ikawa Jiji. Leo Mkonze ni kata ya Jiji: viwanja vimepimwa, nyumba za bati za wafanyakazi zimepanda, na bodaboda zinapita palipokuwa mazizi. Anayenunua kiwanja hana habari kwamba kichuguu kilichosawazishwa na greda kilikuwa tembe iliyoanguka, na kwamba tembe ile ilikuwa na mlango wa mwanamke fulani.

Si kwamba nataka mji usijengwe. Lakini kazi ya kuuliza ina muda wake, na muda huo unaisha kwa kasi kuliko viwanja. Mahari siku hizi hulipwa kwa fedha, kwa simu hata, na fedha haina rangi wala pembe ya kukumbukia. Mgawo ukishakuwa tarakimu kwenye karatasi, hakuna tena sababu ya kumtaja bibi wa mjomba.

Kwa hiyo, wewe uliye na asili ya Mkonze, au Matumbulu, au Bihawana, anza na mwanamke mzee kuliko wote katika familia, si mwanamume. Muulize ng'ombe walioletwa kumwoa waligawanywaje, na wa mama yake, na wa bibi yake; mwulize nani alikosa. Andika mbeyu na mulongo wa kila mke kando ya jina lake. Mwulize Mtunya iliwakuta wapi. Kisha nenda kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni za karibu, maana humo jina la mama huandikwa, na kwenye mafaili ya enzi ya Mwingereza yaliyo Nyaraka za Taifa. Usiku mmoja wa msiba, kaa na watani. Na ukishapata jina la mwanamke huyo, liandike kwenye mti wa ukoo mahali pa juu kabisa, pembeni mwa mumewe, kwa herufi za ukubwa uleule.